Salamu ni Zile Zile

Mtendeni, Tabora
14 Septemba 1980

Mpwa wangu Mwamvita,

Assalaam alaykum. Kama barua hii imekukuta umevaa soksi mbili mbili, kama ulivyotuandikia, basi vua moja kila mguu ukae kwa raha uisome. Huku hatujambo. Bibi yako Mwanajuma hajambo, goti lake limetulia, na ulimi wake ndio kwanza unapata nguvu. Mama yako Mkubwa Nyamizi hajambo, analalamikia sabuni, maana haipatikani hata kwa dawa. Mzee Mabruki wa cherehani hajambo. Masolwa, Msukuma wetu mpangaji, hajambo, na bado hajaoa. Wazazi wako wameandika kutoka Kigoma, wazima wote. Na mwalimu wa kisomo cha watu wazima, anaitwa Mwanamkuu, kwao Ipuli, naye amesema usalimiwe.

Hicho kisomo ndicho habari ya mjini. Zamani barua zako nilikuwa nikizisoma mimi, wao wakisikiliza. Sasa nyumba nzima imejua kusoma na hakuna anayeniamini tena. Barua ikifika, kila mtu anataka kuliona jina lake kwa macho yake na kuliwekea kidole. Kwa hiyo nakuomba: salamu ziandike kila jina kwenye mstari wake, wakubwa kwanza kama ilivyo desturi, ili kila mmoja ajitafute mwenyewe bila kuichana karatasi.

Sasa niambie unasomea nini hasa huko Uswidi. Mzee Mabruki anawaambia wateja wake kuwa unatengeneza redio yenye sura. Mimi ninayeendesha gari la sinema la serikali naulizwa kila siku, na ninajibu kwa kukohoa. Gari lenyewe lipo, limepumzika kidogo.

Mjomba wako,
Twalibu

*

Linköping, Uswidi
19 Oktoba 1980

Mjomba Twalibu, shikamoo.

Nimevua soksi moja moja, nikazivaa tena kabla sijafika ukurasa wa pili. Salamu zangu ni hizi, kila mtu na mstari wake:

Bibi Mwanajuma, shikamoo.
Mama Mkubwa Nyamizi, shikamoo.
Mwalimu Mwanamkuu, shikamoo, na hongera kwa kazi.
Mzee Mabruki, shikamoo.
Masolwa, hujambo? Oa.

Mwalimu nimempandisha juu kidogo kwa heshima ya chaki. Mzee Mabruki anisamehe.

Kuhusu masomo, wewe nusu yake unaijua. Umeonyesha filamu miaka kumi na minane, unajua kuwa picha inayotembea ni picha zilizosimama, ishirini na nne kila sekunde. Wakubwa wa hapa wanataka kuzipitisha picha hizo kwenye waya wa simu, ili mtu wa mji huu amwone wa mji ule. Lakini waya ni mwembamba na picha ni nyingi, haziingii.

Dawa yake ni kutosema mara mbili. Picha ya pili karibu ni sawasawa na ya kwanza, kuna vitu vichache tu vilivyosogea. Basi tunaikata picha vipande vidogo, miraba kama ya ubao wa drafti, na kila mraba tunauuliza: ulikuwa wapi kwenye picha iliyopita? Ukijibu, “Nilikuwa pale, nimesogea hatua tatu kulia,” tunapeleka maneno hayo machache, si mraba wote. Mwenzetu wa upande wa pili anayo picha ya zamani. Anauchukua mraba wake, anausogeza hatua tatu, kazi imekwisha.

Kazi yangu ni kuifundisha mashine ya kompyuta kutafuta ule mraba ulikuwa wapi. Inaendelea vizuri.

Mpwa wako,
Mwamvita

*

Mtendeni, Tabora
30 Novemba 1980

Mwamvita mwanangu,

Marahaba, na wote uliowaamkia wameitikia, Bibi mara tatu. Mvua zimeanza, mjini ni matope, mashambani ni furaha. Unasalimiwa na Bibi, na Mama Mkubwa, na Mwalimu Mwanamkuu, na Mzee Mabruki aliyekusamehe kwa shingo upande, na Masolwa, ambaye anauliza kama Uswidi kuna Wasukuma.

Barua yako nimeisoma huku kipande cha filamu kikiwa mkononi. Nimekiinua juani nikatazama picha mbili zinazofuatana, nikaapa kuwa ni moja. Mpaka nikaona mkono wa mama mmoja anayetwanga, huku uko juu, na huku umeshuka upana wa unywele. Miaka kumi na minane, Mwamvita! Nimewaonyesha watu wa Urambo mpaka Ulyankulu, na sikujua kuwa muda wote ninawaonyesha kitu kile kile.

Kwa kuwa gari limepumzika, jioni napeleka mashine ndogo ya picha darasani kwa kina mama, kumsaidia Mwalimu. Nimemweleza mambo yako. Akauliza swali, nami nakuletea: hiyo mashine yako, inapoutafuta mraba, inatafuta wapi? Kila mahali?

Tena nimeona umeandika “inaendelea vizuri” bila kuongeza neno. Nilikulea tangu una miaka sita, na wewe jambo likiwa zuri huwa unalisema mpaka watu wachoke.

Twalibu

*

Linköping
11 Januari 1981

Mjomba, shikamoo.

Salamu ni zile zile za barua iliyopita. Hakuna kilichobadilika isipokuwa baridi. Ndiyo, inatafuta kila mahali. Nina kazi nyingi, nitaandika.

Mwamvita

*

Mtendeni, Tabora
8 Februari 1981

Mwamvita,

Unasalimiwa na Bibi yako Mwanajuma, na Mwalimu Mwanamkuu, na Mama Mkubwa Nyamizi, na Mzee Mabruki, na Masolwa. Nakuandikia wote mmoja mmoja ili ujue inavyofanywa, maana inaonekana umesahau.

Ulichotufanyia, mwanangu, hakijapata kutokea Mtendeni. Barua imefika, watu wamenawa mikono, miwani imepanguswa. Naifungua, hakuna jina hata moja. “Salamu ni zile zile.” Bibi akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, “Zile zile zipi? Za Oktoba nilishazipokea nikazimaliza! Mtu anakula ugali wa juzi?” Mama Mkubwa akalia hapo hapo. Akasema mtoto akiacha kusalimu watu ni mgonjwa, au amekasirika, au amekuwa Mzungu, na hakujua lipi ni afadhali. Masolwa akapendekeza tukuchinjie mbuzi. Mbuzi mwenyewe hana.

Basi Bibi akatoa amri. Kama salamu ni zile zile, ile barua ya Oktoba itolewe sandukuni, kila mtu achukue yake upya. Ikatandikwa mkekani. Bibi akaweka kidole mstari wa kwanza, yupo. Mama Mkubwa wa pili, yupo. Mzee Mabruki kwa miaka yote ni wa tatu, akaweka kidole wa tatu bila hata kutazama, akamkuta Mwalimu Mwanamkuu. Alishtuka kama aliyeingia nyumba ya jirani. Badala ya kushuka mstari mmoja, akarudi juu kabisa kwenye tarehe, akaanza kusoma neno kwa neno, herufi kwa herufi, mpaka chai ikapoa na Bibi akamwuliza kama anahitaji kuletewa mto. Masolwa, ambaye siku zote yuko chini yake, hakusoma chochote. Alipoona tu Mzee Mabruki amesukumwa chini mstari mmoja, naye akateremsha kidole mstari mmoja kutoka mahali pake pa kawaida, akajikuta, akaanza kumcheka mwenzake. Tulicheka sote, hata Mama Mkubwa na machozi yake.

Lakini sasa hatucheki. Unaumwa? Sema kweli. Nami nitakwambia kweli: gari la sinema halikupumzika, limekaa juu ya mawe tangu Julai kwa kukosa mafuta na magurudumu. Nilikuficha kwa aibu. Sasa zamu yako.

Mjomba wako,
Twalibu

*

Linköping
9 Machi 1981

Bibi Mwanajuma, shikamoo, na unisamehe.
Mama Mkubwa Nyamizi, shikamoo, siumwi, sijakasirika, na sijawa Mzungu.
Mwalimu Mwanamkuu, shikamoo.
Mzee Mabruki, shikamoo. Uko mstari wa nne, nimekupigia na mstari chini.
Masolwa, asante. Utaona kwa nini.

Mjomba, shikamoo.

Zamu yangu basi. Haikuwa ikiendelea vizuri. Tarehe 12 Juni nina mtihani wa mwisho mbele ya maprofesa. Natakiwa kuipa mashine filamu ya sekunde tano, nayo imalize kuitafutia kila mraba mahali ulipotoka ndani ya muda wa saa mbili, kwa sababu mashine ni moja na wanafunzi ni wengi. Ya kwangu ilikuwa inachukua muda wa saa kumi. Nisipofaulu, ufadhili unaisha Juni hiyo hiyo na narudi bila shahada. Mlinisindikiza stesheni watu wangapi? Kila nikifikiria kushuka kwenye treni ile mikono mitupu, kalamu inanigomea. Ndiyo maana niliandika mistari mitatu.

Barua yako ilinikuta maabara. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniletea maji. Kisha nikaisoma tena pale kwa Mzee Mabruki.

Mjomba, mashine yangu ni Mzee Mabruki! Kwa kila mraba inaanzia juu kabisa na kupita sehemu mia mbili ishirini na tano, moja moja, mpaka chai ipoe. Miezi saba nimekuwa nikijaribu kumfanya Mzee Mabruki asome haraka zaidi. Sikuwahi kufikiria kumfanya awe Masolwa. Masolwa hakutafuta. Alimtazama jirani yake amesogea wapi, akasogea vivyo hivyo, na jina akalikuta. Miraba nayo ni majirani. Mkono ukishuka, miraba yote ya mkono inashuka pamoja. Kwa hiyo sasa kila mraba kwanza unauliza jirani yake amekwenda wapi, unatazama pale, na kando kando yake kidogo tu, na ukijikuta unaacha kutafuta. Badala ya sehemu mia mbili na ushee, mara nyingi hazifiki kumi na tano.

Nimejaribu kwa filamu ya hapa, muda wa saa moja na dakika arobaini. Lakini filamu ya hapa ni mtu mmoja amekaa mezani anazungumza, anatikisa kichwa tu. Profesa anasema kwa mtihani nilete kitu ambacho watu wanatembea kweli. Je, unacho kipande kilichoharibika, cha kutupwa, chenye watu wengi?

Jambo la mwisho. Kwa kuwa sasa nimezoea kutazama vitu vinavyosogea, nilizipanga barua zako tatu mezani. Septemba, Mwalimu Mwanamkuu alikuwa mwisho kabisa, chini ya Masolwa. Novemba alikuwa wa tatu, lakini hapo nilimpandisha mimi. Februari amekuwa wa pili, amempita Mama Mkubwa, dada yako wa damu. Juu yake amebaki Bibi, na Bibi hapitwi. Sasa kutoka hapo anaelekea wapi, Mjomba?

Mwamvita

*

Mtendeni, Tabora
12 Aprili 1981

Mwamvita, mpwa wangu, mchawi wangu,

Bibi hajambo, Mama Mkubwa hajambo. Mzee Mabruki ameikata ile sehemu ya barua yenye jina lake na kuibandika ukutani juu ya cherehani, akidai kuwa Uswidi wametengeneza mashine yenye tabia zake. Hakuna aliyemweleza vizuri. Masolwa anatembea mjini kama mkuu wa mkoa.

Swali lako la mwisho nililisoma kimya kimya, nikalikunja, nikalitia mfukoni. Bibi akasema, “Mbona umeruka?” Siku hizi anafuata kwa kidole huku nikisoma! Akanipokonya, akasoma mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu wote, na Mwalimu mwenyewe akiwa mlangoni amekuja kuazima taa. Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi akavua miwani, akasema, “Twalibu, una miaka arobaini na tatu. Mtoto yuko Ulaya ameona, mimi niko hapa hapa sijaona?” Mwalimu akacheka, akasema yeye alikuwa akisubiri tu mtu aulize.

Basi tumeulizana. Kwao Ipuli wamekubali. Harusi ni Ijumaa tarehe 26 Juni, kabla ya Ramadhani, na Mwamvita, nina furaha mpaka naona haya.

Filamu hiyo hapo, nimeikunja kwenye kopo la dawa ya meno. Ni kipande kilichochanika cha ile picha waliyokuja kupiga hapa mwaka sabini na tisa, kina mama wanatoka darasani. Mkuu wangu ameniruhusu, kilikuwa cha kutupwa. Bibi yumo, ndiye mwenye kanga ya maua makubwa.

Na kuhusu mikono mitupu. Sikiliza. Ukishuka kwenye treni na shahada, nitakupokea. Ukishuka bila, nitakupokea nikiwa nimevaa kanzu hiyo hiyo, maana ninayo moja. Lakini ningependa ushuke nayo, kwa sababu naijua roho yako, hutalala.

Mjomba wako,
Twalibu

*

Linköping
14 Juni 1981

Mjomba, shikamoo, na hongera, na hongera tena.

Juzi Ijumaa saa tatu asubuhi niliingia maabara nimejifunga kitambaa alichonishonea Mzee Mabruki, nakitaja maana huenda anaisoma hii. Maprofesa watatu walikaa nyuma yangu. Mashine inapomaliza picha moja huandika namba yake kwenye karatasi, na kwa kuwa filamu ina picha mia na ishirini, mimi nilikuwa na kazi moja tu, kutazama namba.

Ilianza vizuri ajabu. Kina mama wanatoka darasani, wote wanaelekea kushoto, kila mraba unamfuata jirani yake, namba zinafuatana kama mtu anayehesabu maembe. Thelathini. Arobaini. Hamsini na tano. Profesa wangu akanikonyeza. Halafu, kwenye sitini na mbili, karatasi ikasimama.

Nilijua ni nini kabla sijaambiwa, maana kipande hicho nimekitazama mara mia, ingawa zamu ya kukijaribu chote kwenye mashine sikuipata. Kwenye picha ya sitini na mbili, Bibi anageuka. Kina mama wote wanakwenda kushoto, yeye anasimama katikati yao, anageuka, na kuanza kurudi kulia dhidi ya watu wote. Mraba wa kwanza wa kanga yake ukauliza majirani, nao wakaujibu, “Sote tumekwenda kushoto,” ukatazama kushoto, haukujikuta. Ukalazimika kutafuta kila mahali, kama zamani. Dakika zikapita. Niliona shahada yangu inarudi darasani pamoja na Bibi, na niliogopa, Mjomba, niliogopa hasa.

Lakini kanga ya Bibi ni pana. Mraba ule wa kwanza ulipojikuta tu, wa pili ukaufuata, na wa tatu, na kanga yote ikageuka pamoja. Sitini na tatu. Sitini na nne. Namba zikaanza kwenda tena. Ya mia na ishirini iliandikwa zikiwa zimebaki dakika nane.

Kisha wakaiwasha picha yenyewe, ile iliyoundwa upya upande wa pili kwa maneno machache ya “nimesogea huku, nimesogea kule”. Bibi akatokea kwenye kioo, akatembea, akasimama, akageuka, akanitazama. Sijamwona miaka mitatu. Nililia mbele ya maprofesa watatu na sikuona aibu yoyote. Yule mzee zaidi akaniuliza huyo mama anarudi kufuata nini. Nikasema sijui, lakini nitamwuliza.

Nimefaulu, Mjomba. Nimefaulu!

Ndege yangu inafika Dar es Salaam Jumatatu tarehe 22, Jumanne napanda treni ya bara. Harusi nitaiwahi. Simu ya maandishi niliyowatumia jana ina maneno mawili tu, NIMEFAULU NAKUJA, na najua Bibi ataigeuza nyuma na mbele akiuliza salamu ziko wapi. Mwambie ziko humu, na zimekamilika:

Bibi Mwanajuma.
Mama Mkubwa Nyamizi.
Shangazi Mwanamkuu, maana mke wa mjomba sijui nimwite nini kingine, atachagua mwenyewe.
Mzee Mabruki.
Masolwa.

Wote nimewaandikia majina bila shikamoo wala hujambo, na msiitishe kikao. Posta ya huku kwenda huko ni wiki tatu au nne, kwa hiyo barua hii nitaitangulia. Siku itakapoletwa nitakuwa nimekaa na nyinyi mkekani. Msinipe mimi niisome, mpeni Bibi. Aweke kidole kwenye jina lake, nami nitamwamkia pale pale kwa mdomo wangu, kisha nitamshika mkono kidole kishuke mstari wa pili.

Mpwa wako,
Mwamvita